Mama Alikuwa Anakuja Baba Akishaoga

Mama alikufa mwezi wa tatu. Baridi ya kwanza ilipoingia, akaanza kurudi nyumbani.

Sitanii. Wala hakuwa anakuja usiku wa manane kama mizuka ya kwenye sinema. Alikuwa anakuja jioni, baba akishaoga.

Naitwa Lai Hsiu-wen. Ni mwalimu wa sayansi shule ya msingi hapa Keelung, mji ambao mvua haina likizo. Sina mume wala mtoto. Nilibaki na baba tu, ghorofa ya tatu, kilimani juu ya bandari alikoendesha kreni mpaka akastaafu.

Siku ya kwanza nilimkuta mezani kaweka mabakuli matatu ya uji wa wali na vijiti vya watu watatu.

"Baba, tuna mgeni?"

"Mama yako. Kapita hapo sasa hivi, kaenda jikoni."

Nikajisemea, basi, mzee ndo kaanza kuchanganyikiwa. Nikaliondoa lile bakuli la tatu.

Wiki ile ile nimetoka kuoga, kichwa kinanigonga, nikasikia ndala zinaburuzwa koridoni. Shwa, shwa, shwa.

Mama enzi za uhai wake alikuwa anaburuza mguu. Baba alikuwa amekaa mbele yangu, hajanyanyuka.

Halafu ikapita harufu ya ile dawa yake ya kuchua magoti.

"Umemsikia?" baba akauliza. Anatabasamu.

Ndugu zangu, tangu mazishi nilikuwa sijayaona meno ya yule mzee. Lile bakuli nikalirudisha mezani mwenyewe.

Mtaniona mjinga. Mwalimu mzima wa sayansi! Lakini mtu aliyefiwa na mama ananielewa. Nilikuwa naogopa, na nilikuwa nataka aje tena.

Hakuja. Kwangu mimi aliacha kabisa kuja.

Naoga, natoka, natega sikio. Kimya. Lakini kwa baba anakuja kila siku, na nikirudi kutoka shule namkuta mzee anaongea na mlango wa roshani.

"Funga hilo dirisha," ananiambia. "Mama yako anasikia baridi."

Nafunga. Nilimwonea wivu baba yangu mzazi, nasema ukweli.

Sasa niwaambie kuhusu kazi yangu, maana ndiko mambo yalikolipukia.

Mimi sifundishi kwa kukaririsha. Nawapa watoto swali, nawapa kurasa za mtandaoni nilizozichagua, nawagawa makundi. Hawa ni zimamoto, hawa madaktari, hawa mafundi, hawa waandishi wa habari. Kila kundi lichimbe, lije na jibu, na lioneshe limelitoa ukurasa gani.

Kila kazi mpya namjaribishia baba kwanza. Namkalisha mbele ya kompyuta, namwambia wewe leo mwanafunzi wa darasa la tano. Ukaidi wao na wake ni ule ule.

Msimu ule swali lilikuwa: "Moto unakula nini?"

"Leo nataka kuwa daktari," baba alisema, siku ya pili tu baada ya zile ndala. Akavaa miwani, akasoma muda mrefu, mpaka chai ya tangawizi ikapoa.

"Vipi, ngumu?" nikamuuliza.

"Kwa watoto? Hapana. Iache hivyo hivyo."

Zamu yake ilipofika, wiki kadhaa baadaye, nikaipeleka darasani.

Kipindi cha mwisho siku ile, jioni inaingia, mvua inapiga madirisha, watoto wameinamia kompyuta, kelele kama kawaida. Kundi la madaktari kiongozi wao alikuwa Yun-ju, binti mmoja mdomo wake haujui breki.

"Mwalimu, tumemaliza! Wengine bado wanatafuta picha za magari ya zimamoto."

"Haya daktari, tuambie."

Akasimama, akasoma. Moto ukikosa hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu huumwa kichwa, husinzia.

"Na hapa chini wameandika," akaendelea, "wengine huona au husikia vitu ambavyo havipo. Kuna familia walidhani nyumba yao ina mizimu!"

Darasa zima: "Uuuuuuu!"

"Nyamazeni nyie! Mwalimu, wanasema hatari ni hita ya gesi ikiwa kwenye roshani iliyozibwa vioo. Baridi ikija watu wanafunga madirisha, hewa chafu inarudi ndani. Kwenu hita iko wapi?"

Nikavuta kiti, nikakaa.

Ukurasa ule niliuweka mimi. Nilisoma juu tu, nikaona picha nzuri, maelezo mepesi, nikaridhika. Chini sikufika.

Roshani yetu ya nyuma baba aliizungushia vioo zamani, kama majirani wote, maana bila hivyo nguo hazikauki mji huu. Na hita ya maji ya kuoga inaning'inia humo humo, katikati ya soksi na mashuka.

"Mwalimu, mbona umekaa chini?"

Nikampigia baba. Simu ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena. Ilikuwa saa yake ya kuoga.

Nikamwita mwalimu wa darasa la pili anishikie watoto. Sikubeba hata koti. Nilipanda skuta kwenye ile mvua, njia nzima naongea na mama kwa sauti.

"Mama, kama ni wewe kweli, mwache. Nakuomba mwache."

Nilipofungua mlango nikasikia maji yanamwagika bafuni na hita inanguruma. Madirisha yote yamefungwa.

Baba alikuwa amekaa kwenye kile kigoda cha kuogea, ameegemea ukuta. Uso mwekundu kama aliyetoka kunywa. Anatabasamu.

"Baba! Baba!"

Macho hayafumbuki.

Nikafunga gesi, nikafungua kila dirisha, nikamburuza na taulo lake mpaka kwenye ngazi. Jirani wa chini akapanda mbio, akanisaidia kumshusha, mwingine akaita gari la wagonjwa. Nilikuwa nalia kama mtoto, siwafichi.

Hospitali wakamweka kwenye oksijeni. Alipofumbua macho, neno la kwanza halikuwa asante.

"Umemfukuza mama yako."

"Baba, hakuwa mama. Ilikuwa hita. Ni sumu, ingekuua. Watoto wameipata mtandaoni leo, ningekuwa..."

"Najua."

Nikadhani sumu bado iko kichwani.

"Unajua nini?"

"Ile kazi yako. Si ulinipa mimi kwanza? Nilisoma mpaka chini." Akageuzia macho dirishani. "Siku ile ndo nikajua anakuja kwa njia gani."

Nikakishika chuma cha kitanda.

"Ulijua ni sumu, ukaendelea kufunga madirisha?"

"Nikifunga, anakuja. Nikifungua, haji. Wewe ungefanyaje?"

"Na mimi je, baba? Mimi naishi humo humo!"

Hapo ndipo akanitazama vizuri, na machozi yakamtoka.

"Wewe ukiingia kuoga, nilikuwa naenda kukufungulia dirisha. Kila siku. Nasimama pale roshani kwenye baridi mpaka unamaliza. Hukuwahi kuona?"

Kumbe ndiyo maana mama aliacha kuja kwangu.

Nilikuwa na hasira ya kuweza kuvunja kitanda kile. Badala yake nikapanda, nikalala pembeni yake kama nilipokuwa mdogo. Nesi alikuja kutugombeza, akatuona, akarudi alikotoka.

"Na wewe nani angekufungulia?" nikamuuliza.

Akanivutia shuka mabegani.

Sasa hita mpya iko nje ya ukuta, juu ya uchochoro. Fundi aliniambia hata tukifunga vioo vyote hakuna hewa chafu itakayoingia ndani. Nilimuuliza mara mbili. Ya kwanza niliuliza kwa ajili ya baba. Ya pili, niseme tu, niliuliza kwa ajili yangu.

Nyumba ni safi. Kichwa hakiumi. Baba anaoga, anatoka, anakaa mezani anatazama koridoni.

"Leo hajaja," ananiambia.

"Hajaja, baba. Kula."

Siku hizi anakuja shuleni mara moja kwa wiki, anakaa na kundi la madaktari. Yun-ju anamburuza kweli kweli: "Babu, soma mpaka mwisho, usiruke!" Yeye anacheka. Mimi najifanya nafuta ubao.

Msiniambie habari za mizimu. Nendeni mkaangalie hita zenu na majiko yenu, yana hewa au hayana.

Na kama una mzazi aliyefiwa na mwenzake, usiishie kumuuliza amekula nini. Muulize ukiwa hupo anaongea na nani. Halafu kaa, umsikilize mpaka mwisho.