Alizeti Iliyooshwa

Kazi yangu ya kwanza baada ya chuo ilikuwa kwenye ghala la mnunuzi wa alizeti, Korogwe mjini. Nilikaa na mashine yenye ukubwa wa redio. Unamimina mbegu, inazimulika kwa mwanga ambao jicho halioni, kisha kioo kinaonyesha mafuta na unyevu. Zisizofika kiwango zinarudi kwa mwenyewe.

Nilimuuliza msimamizi mashine ilijuaje.

"Ilifundishwa, kwa mbegu zilizopimwa maabara."

"Mbegu za wapi?"

"Wewe umeajiriwa kupima au kuhoji?"

Hakujua. Nami sikujua, ila kila siku niliwasomea watu majibu ya mashine.

Mama mmoja mjane alitoka Kwedizinga na magunia yake. Shemeji yake alikuwa amemwachia shamba kwa msimu ule tu: alizeti ikikosa mnunuzi, shemeji analichukua na kulilima mahindi. Mashine ikasema mafuta ni pungufu, kidogo tu.

"Inaona nini humo ndani?" akauliza.

"Inatazama kwa mwanga, mama," msimamizi akamjibu. "Mbegu zako zina vumbi, mwanga unapitaje?"

Alirudi wiki iliyofuata. Alipofungua gunia, watu walisogea kutazama. Mbegu zilikuwa nyeusi, zinang'aa, hazina hata chembe ya vumbi.

"Shikamoo mama. Umezifanyaje?" nikauliza.

"Marahaba mwanangu. Nimeziosha kwa maji ya kisima, nikazifuta na khanga. Bibi harusi hatolewi akiwa na vumbi."

"Sasa mahari tumlipe nani?" mpakiaji mmoja akadakia. Mama akacheka naye.

Nilimimina. Unyevu ulipita kiwango kwa mbali sana, na mbegu za hivyo huvunda ghalani. Msimamizi akatikisa kichwa. Nikamwambia mama azianike vizuri, azirudishe.

"Nianike wapi, na mawingu haya?"

Mvua za vuli zilianza kabla ya mbegu kukauka. Ghala likafunga ununuzi.

Nilikuwa nimebakiza konzi moja ya mbegu zake. Niliziweka dirishani hadi zikakauka kabisa, nikazipima. Mafuta yalifika kiwango. Nilisimama, nikaanza kutafuta simu. Kisha, kwa tabia yangu, nikazimwaga na kuzipima tena. Hazikufika. Mara ya tatu zikafika. Mbegu zilezile, mashine ileile.

Nilimwonyesha msimamizi. "Siku zote tunaandika majibu ya kwanza," akasema, akaendelea kunywa chai.

Nilimpigia mama hata hivyo, ingawa sikujua nitamwambia nini.

"Mashine imekubali?" akauliza kabla sijamaliza salamu.

"Mara nyingine inakubali, mama."

Nyuma yake nilisikia mtu anaswaga ng'ombe wa plau.

"Basi, mwanangu," akasema. "Shemeji ameshalima mstari wa kwanza."