Pilau Kabla ya Maji

Bango la getini lilisema MAJI NI YA WOTE, na chini yake, kwa herufi za kutafuta na miwani, Walemavu na Wasiojiweza Karibuni. Dada yangu alilisoma mara mbili, akaniuliza kama yeye ni wa herufi kubwa ama wa zile ndogo. Mimi majibu yangu hunijia nikishafika nyumbani, nikishika kalamu, ndiyo sababu naandika.

Dada ni fundi wa nguo Makongeni. Mguu wake wa kushoto haujawahi kumtii tangu azaliwe, na anatembea na mkongojo. Mwaka jana daktari wa viungo alimwambia kwamba ndani ya maji mguu huo hautakuwa na uzito, na tangu siku hiyo hakuwa na wimbo mwingine. Tulienda kwa pool moja ya kuogelea hapo Thika. Wakamwambia alete barua ya daktari, akaleta. Wakamwambia alete mtu wa kumwangalia, akanileta mimi. Waliponiona wakasema sakafu inateleza. Sijui ni pool gani duniani sakafu yake imekauka.

Kwa hivyo kanisani waliposoma tangazo kwamba klabu moja ya Ruiru, upande wa Membley, itafungulia watu wote bwawa lake Jumamosi moja, bure, dada alinunua kitambaa cha kuvutika akajishonea kostyumu ya kuogelea yenye miguu mirefu. Kila mshono aliurudia mara mbili. Nimeona gauni za harusi zikishonwa kwa haraka kuliko hiyo.

Tulifika saa tatu, kama tulivyoambiwa. Kamati iliyotualika ilifika saa tano. Tukaketishwa mbele, chini ya hema, kama maua: dada na mimi, mzee asiyeona kutoka Witeithie, msichana wa kiti cha magurudumu na mamake, na kina mama wawili wa hijabu walioahidiwa saa yao wenyewe, bila wanaume. Watoto wa wanachama walikuwa wanaogelea tayari. Wao hawakuhitaji bango.

Tukaomba. Kisha wanakamati wote wakasimama mmoja mmoja wakapunga mkono, mpaka yule aliyehusika na baluni. Halafu ikasemekana mgeni rasmi yuko njiani. Huku kwetu mgeni rasmi asipofika hata maji hayana ruhusa ya kuloanisha mtu. Ilipogonga saa saba, mwenyekiti wa kamati, bwana mmoja aliyevaa tai shingoni na patipati miguuni, akasema wageni wale chakula kwanza. Pilau ikaletwa.

Dada aliangalia sahani yake, akaangalia bwawa, akanisukumia ile sahani.

"Kula."

"Na wewe?"

"Mimi nimekuja kwa maji."

Nikala yangu, nikala yake. Sina la kujitetea. Mtu wa haya akipewa chakula mbele za watu hula, kwa sababu mdomo ukijaa wali hakuna anayekuuliza kitu.

Mgeni rasmi alifika saa nane. Alituambia jinsi alivyojifunza kuogelea mto Chania bila nguo, akacheka peke yake, akasema maji hayabagui. Hakuangalia ngazi ya bwawa, vyuma viwili vyembamba vilivyosimama wima kama vya kupandia paa. Hiyo tu ndiyo ilikuwa njia ya kuingia, na kamati ilikuwa imekutana miezi mitatu.

Mwenyekiti akachukua maikrofoni.

"Sasa tunaingia majini. Wageni wetu wa hema, poleni kidogo. Mtu akishakula haogelei, hiyo ni sheria ya usalama. Nyinyi mtatazama watoto wakishindana, halafu mtaloweka miguu tupige picha."

Watu wakapiga makofi. Waliotupatia chakula ni wao, na waliotukataza maji kwa ajili ya chakula ni wao, na hakuna hata mmoja aliyeona aibu. Mzee wa Witeithie naye alipiga makofi. Nilipomtazama, mamake yule msichana akamuuliza anashangilia nini, akasema, "Nafukuza usingizi."

Dada akasimama. "Mimi sijakula."

Mwenyekiti akamtolea tabasamu la kumpa mtoto. "Mrembo, sahani zimerudi zote tupu."

"Yangu imekuliwa na huyu."

Hema zima likanigeukia. Maikrofoni ikaletwa mpaka puani. Nilijua nikinyamaza maneno yameisha, dada ataketi, ataloweka miguu, na kostyumu itarudi Makongeni kavu. Nilijua pia nitakavyoitwa.

"Ni kweli, msichana? Umemaliza mbili?" mwenyekiti akaniuliza.

"Ndio," nikasema. "Nimekula na yake."

Spika zikapeleka habari mpaka kwa walinzi wa geti. "Na vile amekonda," mama mmoja wa kamati akasema. "Inaendanga wapi?" Mwingine akauliza kama niongezwe ya tatu. Wakacheka, watu wazima wenye magari.

Mwenyekiti alitafuta sheria nyingine, ukamwona kabisa akiitafuta, akakosa. Dada alishavua gauni na kostyumu iko ndani. Kijana wa kuokoa watu, mwenye filimbi shingoni, akamuuliza mwenyekiti, "Nimshike wapi?"

"Niulize mimi," dada akasema. "Shika hapa chini ya kwapa. Huo mguu uachilie."

Hakuhangaika na ngazi yao. Alikaa ukingoni akajiteremsha. Alikunywa maji, akakohoa, akamkwaruza kijana wa watu shingo. Kisha akalala chali. Mguu wa kushoto ukapanda juu kabla ya ule mzuri. Sijawahi kuuona ukitangulia mahali.

Mzee wa Witeithie akauliza kwa sauti kuna nini, akaambiwa. "Basi mimi nilikula nusu," akasema. "Niingizeni nusu." Mamake msichana akaanza kumfungua mwanawe mikanda ya kiti bila kuomba mtu ruhusa. Kina mama wa hijabu walikuwa washaondoka kimya, wakavu. Saa yao ililiwa na hotuba, na sikusikia mtu akiwauliza.

Mgeni rasmi alikuwa na haraka. "Yule dada wa majini atoke, tupige picha," mwenyekiti akatangaza. Masikio ya dada yalikuwa chini ya maji. Akatangaza tena. Kijana wa filimbi akaniangalia nimwambie dada, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuja naye. Nikaangalia pembeni.

Walipiga picha na baluni. Gari la mgeni rasmi lilipotoka getini, dada alikuwa ameshika ukuta wa upande wa pili, anamwelekeza yule kijana namna ya kumgeuza.