Mama Aliyewakalisha Wapiga Picha Kitini

Habari za kifo chake zilinifikia Jumanne kwa simu, na hasira ikanipata kabla ya machozi. Ujumbe kutoka Beni ulisema kwamba mama yule tuliyemfahamu ameaga dunia hospitalini baada ya homa ya wiki mbili. Chini ya maneno hayo waliweka picha: mwanamke ameketi juu ya godoro lililokunjwa, kitambaa kimemtoka kichwani, mdomo wazi, analia. Kabla ya saa sita mchana picha hiyo ilikuwa imeenea mji wetu wote wa Butembo. Katika picha zake zote, hiyo ndiyo aliyoichukia.

Alipigwa picha hiyo siku aliyoingia Beni kwa miguu kutoka Eringeti, akiwa ametoka kumzika mumewe bila jeneza. Mpiga picha wa shirika fulani la misaada alimwambia asogee kwenye mwanga na ainamishe kichwa. Jina hakumwuliza. Miezi kadhaa baadaye, akiwa anauza maharage sokoni Butembo, alijiona ukutani kwenye bango la kuomba misaada, mkubwa kuliko mlango. Wateja wakaanza kumwita Mama wa Kulia. Nami siko nje ya kosa hili, maana niliichapisha gazetini picha hiyohiyo juu ya makala yangu kuhusu njaa. Alikuja ofisini na gazeti mkononi. “Papa, ulikuwa unanijua?” Nikasema hapana. “Juu ya nini basi uliandika nilikuwa nalia njala? Miye nilikuwa nalia bwana yangu.” Sikumwomba radhi siku ile. Nilimpa kiti na soda, kana kwamba hicho ndicho alichokifuata.

Watu walimshauri ashtaki. Yeye akaomba ukumbi wa parokia kwa Jumapili chache, akaweka humo kiti kimoja, taa moja na kamera ya mtumba, na kanuni yake ilikuwa moja: anayetaka kumpiga picha, kwanza aketi yeye, atii. Wasomi waliuita mchezo huo sanaa. Yeye aliuita “kiti”. Nilikwenda nikitabasamu. “Ikala, papa. Shusha mabega. Angalia chini. Hapana vile, ile ni ya mutu mwenye anasali. Miye nataka ya mutu mwenye amepoteza.” Watu kama thelathini walikuwa wakinitazama. “Fikiria mutu wa mwisho mwenye ulizika.” Nikamfikiria mama yangu, kichwa kikainama chenyewe, na papo hapo kamera ikalia. Nikaomba aifute picha ile. Akaifuta bila kubishana, akanionyesha kioo cha kamera kikiwa kitupu: “Ona, ni kidole kimoja tu.” Kisha akanipa kamera, zamu yangu. “Mama, nikupige namna gani?” Alicheka hadi akashika ukuta. “Hii njo mara ya kwanza mutu ananiuliza!” Akasimama, akafunga kitambaa vizuri, nikampiga akiwa bado anacheka.

Si wote waliokubali kuketi. Afisa mmoja aliyetumwa kwetu kutoka mkoa mwingine alikuja na mpiga picha wake. Alipoonyeshwa kiti akapinga, Kifaransa kikitangulia: “Mais mama, mimi ni serikali. Naweza aje kuamrishwa?” Akamshika bega, akapigwa naye picha, akaenda zake, na kesho yake tukasoma kwamba kiongozi anaunga mkono sanaa. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Baadaye mama alikihamishia kiti chake Beni, katika komini, yaani kata, ya Ruwenzori, kwa wanawake waliokimbia vita kama yeye. Huko ndiko walikopanga foleni, na waliyemkalisha kwanza alikuwa mpiga picha aliyekuja kuwapiga.

Jumatano nilimpigia kijana aliyeisambaza ile picha, nikamwambia ninayo nyingine, anacheka. “Mukubwa, ile ya kucheka hapana inaonesha kilio. Batu hawatafungua ujumbe.” Nilimsihi, nikafoka, nikakata simu. Hadi ninapoandika haya, picha bado ipo. Nimechoka na huruma yetu hii isiyojua kubisha hodi. Tunaichukua sura ya mtu katika saa yake mbaya kuliko zote, tunaitumia kwa kazi zetu, halafu tunataka atushukuru kwa kuonekana. Mwenye kamera ana nguvu juu ya mwenzake, na mwenye kalamu pia. Kumwuliza mtu kwanza si adabu ya ziada; ni haki yake.

Kwa hiyo makala haya nilimsomea binti wa marehemu kwa simu, sentensi baada ya sentensi, kabla ya kuyapeleka kuchapwa. Akaniambia niondoe mbili. Zilikuwa sentensi nzuri kuliko zote nilizoandika, lakini zilieleza uchungu wa nyumba yao, na hazikuwa zangu. Nimeziondoa.