Mihogo Wakati wa Nyimbo

Watu wa Ruhembe waliifahamu sauti ya Melkizedek kuliko walivyomfahamu Melkizedek mwenyewe. Akipita na baiskeli yake, mwembamba, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi, hakuna aliyegeuka. Lakini akisema tu "Habari za asubuhi," wanawake wenye ndoo kichwani walicheka, kwa sababu sauti hiyohiyo jana yake ilikuwa ya mfalme wa Kichina aliyekatwa kichwa, na pia ya yule aliyemkata.

Kazi yake ilikuwa kutafsiri filamu katika banda umiza la Fortunatus, ukumbi wa video wa mabati uliosimama pale mashamba ya miwa yanapoishia na nyumba zinapoanzia. Alikaa kwenye kiti kirefu kando ya runinga, maiki mkononi, na kila lugha iliyotoka mle ilipita kwenye koo lake ikatoka Kiswahili. Kichina, Kikorea, Kihindi. Hakujua hata moja kati ya hizo. Alijua Kiingereza kidogo, alichofundishwa shule ya misheni kule milimani Malolo na mwalimu aliyekuwa mgumu kuliko Kiingereza chenyewe. Ila alijua nyuso. Mtu akishika simu kisha akakaa chini taratibu, kuna msiba. Adui akicheka peke yake, kuna nyumba itaungua. Yaliyobaki aliyaongeza mwenyewe, na mara nyingi yalikuwa matamu kuliko ya wenye filamu. Askari wa Hong Kong walitumana Kidodi kununua sukari. Majambazi wa Bombei waliogopa kwenda Mikumi kwa sababu ya tembo.

Kitu kimoja tu hakukitafsiri: nyimbo. Ngoma za filamu ya Kihindi zikianza, aliweka maiki chini na kutangaza, "Mihogo!" Banda zima lilimwagika nje. Pale mlangoni mkewe Generoza, ambaye watu walimwita Mama Imani, alikuwa na kikaango chake na pilipili ya kusagwa. Wimbo mmoja ulitosha sahani moja. Wimbo ukiisha, walirudi ndani wakilamba vidole, na Melkizedek mbele yao.

"Mtu mzima ana shida zake," alikuwa akisema huku akitafuna, "badala ya kuzitatua anaimba. Na wenzake arobaini wanatoka porini, wote wanajua hatua. Walifanya mazoezi lini?"

Watu walicheka kila mara. Wachache walijua kwamba ujanani, kule Malolo, kiongozi wa kwaya alimwambia kwa upole kwamba Mungu amempa sauti nzuri sana ya kutangaza matangazo.

Mtu pekee ambaye hakutoka nyimbo zilipoanza alikuwa Bi Joha. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli Kilosa, na huko mjini, akiwa msichana, ndiko alikoonjea filamu. Sasa magoti yalikuwa yamemchoka. Kusimama kwake kulikuwa safari, kwa hiyo akishakaa benchi la mbele hakuondoka tena mpaka filamu iishe. Wenzake waliporudi na harufu ya pilipili, aliwaambia neno moja tu: "Mmekosa."

"Bibi alisinzia, ameota," walinong'onezana.

Msimu wa kuchoma miwa ulipofika, moshi ulilala juu ya Ruhembe kama blanketi la mgonjwa. Majivu meusi yalishuka polepole juu ya kanga zilizoanikwa, juu ya mihogo, juu ya mabega ya watu, kama barua zilizochomwa kabla hazijasomwa. Melkizedek aliupumua moshi ule mchana na kupigia watu kelele jioni, hadi siku moja, katikati ya filamu, shujaa alipofungua mdomo amlaani adui, koo la Melkizedek likalia kama mlango usiotiwa mafuta. Kisha hakikutoka kitu.

Muuguzi wa zahanati alimmulika kooni akatikisa kichwa. "Usiongee mpaka nikuruhusu. Na usinong'one. Kunong'ona ndiko kubaya zaidi."

Fortunatus alimfuata nyumbani. Alikuwa kijana wa kurithi banda, si wa kulijenga, na alikuwa na heshima zake.

"Shikamoo, mzee."

Melkizedek aliinua mkono.

"Marahaba, anasema," alijibu Generoza, ambaye alikuwa anamenya mihogo.

"Pole sana, mzee. Lakini nikwambie ukweli. Jumamosi nitaweka filamu bila wewe, nione. Watu wakikaa, tutakusubiri upone, hata ikichukua muda gani. Wakitoka, naondoa deki, naweka mpira na meza ya pool. Simfukuzi mtu. Banda lisilo na watu ni bati tu."

Melkizedek aligusa koo lake, akaonyesha juu, kisha akakutanisha viganja. Fortunatus alimtazama Generoza. "Anasemaje?"

Alikuwa amesema kwamba Mungu akipenda atapona. Generoza aliliona hilo. Lakini aliiona pia mihogo aliyokuwa anaimenya.

"Anasema filamu ya Jumamosi achague yeye. Na kwamba siku hiyo mimi niuzie ndani."

Melkizedek alimkodolea macho mkewe. Fortunatus alifikiri kidogo, akakubali, akaaga. Hivyo ndivyo mtafsiri alivyopata mtafsiri wake, na akajua kwa mara ya kwanza jinsi wale askari wa Hong Kong walivyokuwa wakijisikia.

Jioni majirani walikuja kumpa pole. Wakakaa mkekani uani, na kwa kuwa mgonjwa haongei, wao wakaongea kwa niaba yake. Swali lilikuwa moja: filamu gani inaweza kusimama bila mtu wa kuisema?

"Ngumi," alisema Samwel, mkata miwa mwenye kifua cha pipa. "Ngumi haina lugha. Mimi ile ya yule mlevi anayepigana na ngazi, naweza kuitazama hata kwenye kaburi langu."

"Na utatoka nayo kaburini ukitupiga teke," alisema Generoza. "Ngumi tupu bila maneno, utajuaje nani kamkosea nani? Utaona watu wanavunja viti tu. Mimi napenda za Wanaijeria. Mama mkwe mchawi, mkwe mvumilivu."

"Hizo ni maneno tupu, Mama Imani. Ukizima sauti unabaki na wanawake wawili na sofa."

Magreti, aliyefundisha mabinti wa kipaimara kanisani, alisafisha koo. "Mimi naipenda Ile ya Daraja. Ina mafunzo."

Wote walitikisa vichwa kwa huzuni. Ile ya Daraja ilikuwa filamu ya Kihindi iliyojulikana Ruhembe nzima: binti wa tajiri anampenda karani wa stesheni, wanatembea mtoni, mara binti anatapika asubuhi. Hapo Melkizedek alikuwa akishusha sauti na kusema, "Ameteleza." Baba anamfukuza nyumbani na mvua inanyesha. Banda zima lilikuwa likimpigia baba makofi. Wazazi wa Ruhembe walimtaja yule binti kila walipomwonya mtoto wa kike.

"Weka hiyo," alisema Bi Joha.

"Lakini bibi," alisema Samwel, "ile ina nyimbo kila kona. Watu watatoka wasirudi."

"Ndiyo sababu. Maneno yanamhitaji Melkizedek. Wimbo haumhitaji." Aliyanyoosha magoti yake kwa mikono miwili, moja baada ya jingine. "Nyinyi mnadhani wimbo ni mapumziko. Kwenye filamu mbaya ni kweli. Pale mtu anaimba kwa sababu zamu ya kuimba imefika, na akimaliza kila kitu kiko palepale kilipokuwa, isipokuwa amebadilisha nguo. Huo ukianza, kaleni mihogo. Lakini filamu nzuri, mtu anaongea, anaongea, anafika mahali maneno yanakuwa madogo, kama shati la mdogo wake. Akisema, ataharibu. Akinyamaza, atapasuka. Basi anaimba. Na akimaliza kuimba si yule aliyeanza. Ukiuondoa wimbo huo, hadithi inachechemea."

"Na wale arobaini wa porini?" Samwel alimuulizia Melkizedek, ambaye alimwinulia kidole kwa shukrani.

"Wewe ukikata miwa ukaanzisha wimbo, wenzako wanauliza walifanya mazoezi lini? Wanaitikia."

Melkizedek alitazama chini, akichora kitu kwenye mchanga kwa kidole cha mguu. Kisha alimtazama mkewe, akainua dole gumba. Hilo halikuhitaji kutafsiriwa, ila Generoza alilitafsiri hata hivyo. "Anasema Ile ya Daraja."

Jumamosi mchana banda lilijaa mpaka mlangoni, wengi wamekuja kuona mtu wa sauti akiwa hana sauti. Fortunatus alisimama nyuma amekunja mikono. Melkizedek alikaa kwenye kiti chake kirefu bila maiki, viganja vimebanwa katikati ya magoti. Dakika za mwanzo zilikuwa ngumu. Watu walizoea kusemewa; sasa walitazama midomo ya Wahindi ikienda, na miguno ikaanza. "Anasemaje huyo?" "Mwulize shangazi yako." Wawili walinyanyuka wakatoka. Fortunatus aliwahesabu kwa macho.

Ngoma zikaanza. Kwa mazoea ya miaka, banda zima liliinuka kwenda kwenye mihogo, na likakutana na mihogo inakuja. Generoza alijaza mlango mzima na sinia lake.

"Kaeni, nawaletea. Samwel, keti, usinikanyage. Pilipili inapita upande huu."

Wakakaa, kwa kuwa chakula kilikuwa ndani na njia ilikuwa imezibwa. Na kwa kuwa mtu akila lazima atazame mahali, wakatazama mbele.

Karani na binti walikuwa mtoni, kama kila mtu alivyojua. Waliimba, walirushiana maji. Halafu, jambo ambalo hakuna aliyelijua, walipanda ngazi ndefu za mawe. Juu kulikuwa na mzee mwenye ndevu nyeupe na moto mdogo. Mzee alichukua ncha ya nguo ya binti akaifunga na ncha ya nguo ya karani. Wakauzunguka moto. Wakavishana mashada ya maua. Binti aliimba akilia, na sauti yake ilipanda mahali ambapo hakuna mtu ndani ya banda lile angeweza kumfuata kwa maneno.

Kutafuna kulikoma.

"Hii si harusi?" aliuliza mtu.

"Wamefungwa nguo. Mbele ya moto. Na yule ni kasisi wao."

"Harusi kabisa!"

Magreti alisimama, kipande cha muhogo mkononi. "Melkizedek! Miaka yote hii nawaonya mabinti wa kipaimara na huyu mtoto! Nimemchafua mke wa mtu!"

"Na mimi nilikuwa nampigia makofi babake!" Samwel alinguruma. "Alipomtupa kwenye mvua! Mkalimani asimame!"

"Asimame! Asimame!"

Fortunatus alisimamisha picha. Melkizedek aliinuka. Mdomo wake ulifunguka na kufungwa kama wa samaki. Huu ulikuwa mwisho, na aliuona. Watu humsamehe mtafsiri anayeongeza, lakini huyu alikuwa amempunguzia mwanamke ndoa yake. Alijinyooshea kidole kifuani, akaonyesha mlango, akaonyesha sinia, akafungua viganja vitupu mbele ya watu wote. Macho yote yakamgeukia Generoza.

Generoza alimfahamu mumewe. Alijua kwamba viganja vile vilikuwa vinaomba radhi. Alimtazama Fortunatus, akawatazama wateja wake, kila mmoja na shavu lililotuna.

"Anasema," alianza taratibu, "harusi ilipokuwa inafungwa, mimi nilikuwa nje nakula mihogo." Akashusha sinia. "Nyinyi mlikuwa wapi?"

Kutoka benchi la mbele, Bi Joha alisema bila kugeuka, "Nilisema. Kila mara nilisema. Mkasema nasinzia."

Mtu mmoja alicheka kwanza, nyuma kabisa, halafu kicheko kikasambaa kama moto wa shambani. Hata Magreti alijifuta machozi kwa upindo wa kanga.

"Basi rudisha nyuma," aliamuru Samwel. "Haiwezekani tuhudhurie harusi nusu, tena tukiwa tumekaa vibaya."

Harusi ikarudiwa. Safari hii wanawake walipiga vigelegele nguo zilipofungwa, na Generoza alipitisha sinia kama mtu wa kamati ya chakula. Ilipofika ile mvua, baba akinyoosha kidole kuelekea getini, walimtukana baba yule matusi ambayo Magreti aliamua kutoyasikia. Wale wawili waliotoka walirudi, wakauliza kuna nini, wakaambiwa wanyamaze.

Wimbo wa mwisho ulimkuta binti peke yake darajani, garimoshi likija kwa mbali. Melkizedek hakuwahi kuuona. Kwa miaka yote aliuacha nyuma ya mgongo wake, ukiliimbia benchi moja lenye Bi Joha na magoti yake mabovu. Aliona sasa jinsi binti alivyoanza kwa hasira na kumaliza akiwa amesamehe, na kwamba kati ya hasira na msamaha hakukuwa na sentensi hata moja ambayo yeye angeweza kuiweka. Hata hivyo mazoea ni mazoea. Alivuta pumzi, akainama mbele, mdomo ukafunguka.

"Shhh!" lilisema banda zima.

Mwanga ulipoingia, hakuna aliyeharakisha kutoka. Fortunatus alipita katikati ya mabenchi, akisimamishwa na huyu na yule, mpaka akafika kwenye kiti kirefu.

"Mzee, wanataka zile nyingine zote zirudiwe, na nyimbo zake. Wanasema sasa hawana uhakika nani mwingine aliolewa." Alijaribu kutocheka, akashindwa. "Kwa hiyo pona taratibu. Sauti ikirudi, maneno ni yako kama zamani. Ila nyimbo zikianza, wewe utakuwa wapi?"

Melkizedek alishuka kitini. Alikwenda benchi la mbele, akalipigapiga kwa kiganja mahali palipokuwa wazi kando ya Bi Joha, na bibi akasogeza magoti yake kumpisha.

"Anasema—" alianza Generoza.

"Hilo nimelielewa mwenyewe, mama," alisema Fortunatus.