Kontroboksi Iliyonuka Sabuni

Jina la Mzee Sabuni nilimpa mimi, na gereji nzima ikalidaka. Sina mdomo mzuri, najua. Mama yangu alikuwa akisema mdomo wangu hauna breki, na kumwambia hivyo binti anayekula kwa kutengeneza umeme wa magari ni kumtukana kweli kweli. Lakini ukimwona yule dereva, jina lilikuwa linajiita lenyewe. Shati limepigwa pasi mpaka mikononi, viatu vinang'aa, na lile lori lake kuukuu la kubeba unga linaingia gereji linametameta kuanzia bampa hadi tela. Magari mengine yote yanaletwa na vumbi lake. La kwake utadhani linakwenda kuposa.

Alikuwa akiliendesha lori hilo la tajiri wake miaka ishirini na miwili. Kabla ya hapo alikuwa utingo wake, yaani aliwahi kulala juu ya magunia yake kabla hajashika usukani. Alikaa na mke wake kwenye chumba kimoja nyuma ya duka la nafaka, lori linaegeshwa chini ya dirisha lao, na mkewe alizoea kusema kwamba yeye ni mke mdogo. Mzee akicheka hilo unamwona meno yote. Hakuwa mtu wa maneno. Ukimuuliza gari lina nini, atakueleza taratibu, sauti ya chini, na kila sentensi inaanza na "samahani, fundi." Mimi nafaa kuwa mwanawe, ananiomba samahani.

Mwaka jana akaja kwa miguu na tatizo dogo. Taa ya injini inawaka na kuzima, nguvu inapungua mlimani, basi. Akaniambia ataniletea kesho yake asubuhi. Kesho yake asubuhi lori lilikuja likivutwa kwa mnyororo, limekufa kabisa. Nikainua zulia upande wa utingo, nikafungua kibati chenye boliti nne, nikaitoa kontroboksi. Hiyo ndiyo kompyuta ya injini, ina ukubwa wa kitabu kinene, na ndiyo inayoamua mafuta yaingie saa ngapi na kiasi gani. Pini zake zilikuwa za kijani kwa kutu, na ndani kumeganda kitu cheupe. Nikasema ni maji ya mvua, yamepita kwenye mpira wa kioo cha mbele. Nilisema kwa sauti ya mtu anayejua.

Tajiri mwenye lori akaja. Ni mtu wa haraka, hakai, anaongea funguo za gari zikiwa mkononi. Alimsikiliza nani? Aliangalia kile kisanduku, akasema atanunua kingine mara hii moja tu. Kikifa tena, lori linakwenda kwa wauza vyuma chakavu na Mzee anakwenda nyumbani akapumzike. Alisema hayo mbele yake, na mbele yetu. Mzee akaangalia viatu vyake. Ana miaka sitini na minne; nani atampa lori jingine? Kupumzika, eti. Mimi nilimjibu Tajiri moyoni tu, maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Kuipata nyingine ilinichukua siku tatu. Visanduku hivyo kwa sura ni mapacha wote, lakini namba ya mwisho ikitofautiana, injini haikujui. Nilizunguka kwa wauza spea za magari yaliyogongwa mpaka nikaipata, namba kwa namba, ya lori lililogongwa nyuma na kichwa chake kizima. Nikasafisha plagi ya nyaya zake, nikabadilisha mpira wa kioo, nikafunga. Mzee alipozungusha ufunguo injini ikaitika mara moja. Akavua kofia. Akabaki ameishika kifuani, na mimi nikajifanya natafuta spana chini. Nikamwambia aniletee baada ya wiki mbili niikague. Tajiri akasema siku hiyo naye atakuja saa sita aone kwa macho yake.

Wiki mbili zikaisha. Asubuhi nikasikia lori linakuja, linakohoa. Likafika getini, likazima. Mzee akashuka, akajikaza, na siku hiyo hakuna aliyethubutu kumwita Sabuni. Tukalisukuma ndani. Nilipandwa na hasira za ajabu. Mpira wa kioo nimefunga mwenyewe kwa mikono yangu, na mvua haikunyesha wiki zote hizo mbili. Maji yatoke wapi?

Nikainua zulia. Chini kumelowa chepechepe. Nikafungua kibati, nikachomoa plagi, nikainusa, sijui kwa nini niliinusa. Ilinuka sabuni ya kufulia.

"Mzee," nikamwambia, "leo umeosha wapi?"

"Kote, samahani, fundi. Nje na ndani. Ndani nimemwaga ndoo mbili, nikasugua kwa brashi."

"Ndani? Unaosha ndani kwa ndoo?"

"Si kila siku. Ni siku ya kuja kwako tu."

Nikamuuliza nani alimwambia afanye hivyo. Akanitazama kwa mshangao wa kweli, kama mtu anayedhani anapimwa.

"Wewe," akasema.

Jamani, nilikumbuka. Nilikumbuka yote kwa mpigo. Miaka minne nyuma, msimu wa mvua, nimeamka vibaya, nimegombana na dada yangu, akaingia dereva nisiyemjua na lori limejaa tope mpaka kwenye pedali. Nikamfokea mbele za watu. Nikamwambia mimi ni fundi, si dobi, akalioshe lori lake nje na ndani ndipo aniletee. Watu walicheka. Yeye akasema samahani, fundi, akageuza lori akaondoka. Jioni ile akarudi linang'aa. Na mimi, badala ya kuona aibu, nikampa jina.

Kumbe miaka minne nilikuwa namcheka mtu kwa kunitii. Kila taa ikiwaka kidogo, anapiga ndoo mbili juu ya kontroboksi kwa ajili ya heshima yangu, na tatizo dogo linafika kwangu likiwa maiti. Kile cheupe kilichoganda hakikuwa cha mvua, kilikuwa sabuni. Niliona uchungu, nawaambia ukweli, nikataka kulia pale pale juu ya zulia.

Sikulia, kwa sababu ilikuwa saa nne. Nilikata betri, nikaifungua kontroboksi, nikaifuta kwa spiriti pini moja moja, nikaianika mbele ya feni. Maji yalikuwa yameishia kwenye plagi, ndani kulikuwa na unyevu tu. Mzee alikaa kwenye tairi chakavu, ameelewa sasa. Mara moja tu aliniambia kwamba basi Tajiri akija atamweleza mwenyewe, ni mkono wake uliomwaga.

Saa sita Tajiri akaingia na funguo zake, akaona kisanduku kiko wazi mezani.

"Imekufa tena?"

Mzee akasimama, akavua kofia. "Samahani, tajiri, ni mimi—"

"Kaa, Mzee," nikasema. Kisha nikamgeukia yule bwana. "Haijafa. Imeingia maji, na maji niliyaagiza mimi. Ile ya kwanza pia niliiua mimi. Yeye amefuata maneno ya fundi tu, na fundi alisema upumbavu."

Nikamweleza kila kitu, na wale waliocheka siku ile wakiwa wanasikia. Kisha nikairudisha, nikawasha, injini ikaitika. Tajiri alinitazama muda mrefu kwa mtu asiyekuwa na muda. Akasema malori yake mengine mawili atayapeleka kwa mwingine. Na hili pia, akaongeza. Hapo ndipo Mzee, ambaye sijawahi kumsikia akipinga hata bei ya maandazi, alisema kwamba hili yeye halipeleki kwa fundi mwingine. Tajiri akaondoka na funguo zake. Mpaka leo hajajibu.

Kontroboksi nimeihamishia juu, nyuma ya kiti, mahali ambapo ndoo haifiki. Jina la Mzee Sabuni nimelipiga marufuku, ingawa halijaisha midomoni. Mwezi uliopita, mvua zilipoanza, nilisikia honi fupi nje ya geti. Lori lilikuwa limesimama barabarani, tope mpaka kwenye vioo. Mzee alikuwa amesimama kando yake, shati limepigwa pasi, haingii.

"Samahani, fundi," akasema. "Ni chafu."

Nikafungua geti lote, mabati yote mawili. Nikamwambia aingie nalo hivyo hivyo.