Godoro la Faidha

Tangu Faidha wa Kitangari aanze vidonge vya ugonjwa wa akili, zile sauti zilimtoka kichwani, lakini kila asubuhi aliamka godoro limelowa. Hakuuliza mtu. Alijua tu: vidonge vilimlaza kama gogo, na wifi yake Somoe alikuwa akimmwagia maji ili watu waseme wazimu umerudi! Faidha akaanza kumtazama wifi yake kwa jicho la pembeni. Hata uji aliompikia akaukataa.

Siku moja Somoe alipanda kutoka bondeni na ndoo yake kichwani, maji ya kutwa nzima. Maji aliyooshea mchele akayaoshea vyombo, yaliyobaki akawanywesha bata. Faidha akaduwaa. Mtu huyu amwage maji godoroni?

Basi ni yeye mwenyewe.

Akaenda zahanati. Nesi, Mama Gasper, hakushtuka hata kidogo. “Ni dawa hiyo, inalegeza kibofu. Huwapata wanawake wengi. Usiiache, daktari atakubadilishia.”

“Kumbe mlijua! Mbona hamkuniambia?”

“Nawe mbona hukuuliza, Faidha?”

Faidha alimkazia macho. “Niulize? Mwenye wazimu akiuliza, si mnamwongezea dozi?”