Sindano yangu ilipotelea majanini

Jamani, leo nusura nimuue mwalimu wangu!

Tuko porini kwa mafunzo ya wanyamapori. Nikapewa bunduki ya sindano za usingizi, nimlaze pundamilia mwenye waya wa mtego shingoni.

Nikakosa.

Sindano ikapotelea majanini, na dawa ile inaua mtu. Darasa zima tukaanza kuitafuta.

"Mwalimu, usisogee!" nikapiga kelele.

Alikuwa ameikanyaga. Imenasa kwenye soli ya buti lake!

Akavua buti polepole. Soksi kavu, mguu mzima. Nikakaa chini nikalia.

Akanipa sindano nyingine.

"Binti, futa machozi. Pundamilia bado yupo pale."

Safari hii nikampata. Waya tumeutoa, kaondoka anakimbia.

Mama kule Machame, mwanao mzima.

Nyie mngethubutu kushika tena ile bunduki?